Majani ya Mgomba kwenye Geti la Muleba

Karakana yangu iko katika kata ya Bakoba, na sitaficha, najivuna. Mafundi wengi hapa Bukoba wanakata nondo, wanachomelea, wanapaka rangi, basi. Mimi nachora kwanza. Halafu chuma nakitia motoni na kukifua mpaka kitii mchoro.

Mteja mmoja wa Muleba aliniita nimtengenezee geti la kibanja cha ukoo, shamba la migomba lenye nyumba yao. Kaka yake alikuwa amefariki na kuzikwa humohumo kibanjani, kama ilivyo kawaida yetu, ila kaburi lilikuwa mpakani kabisa, pale pa kuingilia, karibu liguse njia. Mjane hakujaliwa mtoto, hivyo ukoo ukamtoa. Alikuwa amepanga chumba ng'ambo ya barabara. Mteja alinieleza yote hayo tukiwa tunapima, bila kupunguza sauti, na mjane mwenyewe amesimama palepale. Mteja hakutaka mjane aingie tena, hata kwa kusafisha kaburi. Nondo zikaribiane, akasema, mkono usipite.

Nikapima nafasi za nondo kwa ngumi yangu. Ngumi ya mhunzi, imevimba kwa miaka ya nyundo. Sikufikiria kwamba kuna mikono iliyokonda.

Hazikupita wiki mbili tangu nilipolifunga geti, mteja akanipigia simu, amekasirika. Mkono wa shemeji yake ulikuwa unapita, na kila asubuhi alikuwa akipalilia kaburi kupitia kwenye geti langu. Niliona nimeumbuliwa. Nikafua majani ya mgomba kwa chuma bapa, nikachora mishipa yake kwa patasi, jani baada ya jani, nikayapeleka Muleba pamoja na jenereta.

Nilimkuta mjane amepiga magoti. Mkono ulikuwa ndani mpaka begani, shavu limebanwa kwenye nondo, anapapasa magugu asiyoyaona. Nikawasha jenereta, nikamwambia autoe.

“Waitu fundi, tafadhali, nimalizie upande huu tu.”

“Jenereta inakula mafuta, mama.”

Akautoa polepole, ukiwa na michubuko miwili. Sikumsaidia kuinuka. Nikisema nilimhurumia nitakuwa nadanganya. Siku ile nilimkasirikia yeye, kwa kuiharibu kazi yangu.

Nikaanza kuchomelea kutoka chini. Alibaki njiani, na kadiri majani yalivyopanda naye alizidi kujinyoosha, akitafuta pengo la kuchungulia, mpaka nikaziba la mwisho. Akatazama geti lote kwa muda, akavuka barabara.

Nimemkumbuka mara nyingi, na naona aibu. Lakini kinachonitesa zaidi ni kwamba geti lilipendeza. Kabla ya majani lilikuwa geti la kawaida tu. Siku hizi picha yake ndiyo ninayowaonyesha wateja kwanza, kuanzia Kahororo mpaka Nshambya, na karibu wote wanataka majani kama yale. Wakiniuliza niliwazaje kitu kizuri namna hiyo, nawaambia kilinijia tu.