Fundi Aliyeitwa Mhuni

Juzi, katika ofisi ya serikali huku Temeke, nilimkuta kijana aliyekamatwa kwa uzururaji, akingoja kurudishwa kwao bara. Mwalimu wa useremala, anayewafundisha bure vijana wa mtaani kwetu, alikuwa akimtetea.

"Bwana, huyu uhuni kaacha. Sasa ni fundi."

Afisa akacheka. "Fundi? Basi atengeneze mlango huu, kila siku unakwama."

Kijana akaazima randa ya mwalimu wake, akaung'oa mlango, akaulainisha ukingoni, akaurudisha. Afisa akaufungua na kuufunga mara tatu, kwa kidole kimoja.

"Nenda nyumbani," akasema.

"Bara, bwana?"

"Hapa hapa Temeke, fundi!"

Ofisi nzima tulipiga makofi. Serikali imepata mlango, nasi tumebaki na kijana wetu.