Upepo Umeivaa

Harufu ya sabuni ya mche hunitia huzuni mpaka leo. Wengine huinusa wakafurahia usafi. Mimi naona kamba ya kuanikia nguo huko Nyamirambo, Kigali, uani kwa mama mdogo Zaina, aliyenilea mama alipokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani.

Mama aliniachia kanga moja. Nilikuwa nimeshaingia sekondari, msichana mkubwa wa kuona haya kulala na nguo ya mamake, lakini nililala nayo. Ilinukia yeye: jasho kidogo, udi kidogo, na vitunguu, maana mama yangu hakujua kupika bila kujifutia mikono kwenye nguo. Mchana niliificha ndani ya foronya. Mama mdogo alikuwa fundi cherehani, mtu asiyevumilia doa hata moja, na siku moja akaiona. Nilirudi nikaikuta kambani, safi kabisa, inanukia sabuni. Alidhani amenifanyia hisani, masikini. Nikamwambia asante, nikaenda kujifungia chooni nikalia.

Kesho yake Mwalimu Josiane, aliyekulia Tanzania na kukionea huruma Kiswahili chetu, aliandika shairi ubaoni:

Kanga kambani.
Upepo umeivaa.

Akaweka chaki chini. Sisi tuliozoea kuhesabu mizani kwa vidole tukakaa tunamsubiri amalizie. Fabrice, ambaye kwao Kabuga hakuna aliyevaa kanga, akainua mkono.

“Mwalimu, kanga si ule ndege? Nani alimufunga kwa kamba?”

Darasa likaangua kicheko. Nilicheka nami.

Mwalimu alieleza kuwa ni nguo, akatuuliza tunaona nini. Tukasema nguo imeanikwa. “Na mwenye nguo je? Mbona mshairi hasemi yuko wapi?”

Mara nikasikia sauti yangu mwenyewe: “Sababu hajui iko wapi.”

Hiyo “iko”, wapendwa, ndiyo ugonjwa wetu wa Kigali. Tunaisema kwa kiti, kwa mbuzi, na kwa mzazi. Mwalimu Josiane hakuwahi kuiacha ipite. Hata ungekuwa unaomba ruhusa ya kwenda kutapika, angekukatiza kwanza: “Yuko!” Siku hiyo alinitazama tu. Kisha akalirudia jibu langu polepole, na kosa lake lile lile, na hakuna aliyecheka.

Nikaamini kwamba huyo mshairi alikuwa amechungulia uani kwetu. Aliiona kanga ya mama imejaa upepo kiunoni na kifuani, kama mtu aliyenipa mgongo. Niliona kwamba kuna mtu mmoja duniani anayejua, na hilo lilinifariji kuliko simu za mama, zilizokatika kila tulipofikia maneno ya maana.

Mama alirudi baada ya miaka, amenenepa, ananukia manukato ya wageni. Tulizoeana upya, taratibu, kwa adabu nyingi.

Nimelisoma shairi lile mara nyingi tangu hapo. Hamna mama ndani yake, hamna mtoto, wala neno upweke halimo. Kuna nguo na upepo, basi. Mama nilimtia mimi mle, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kumweka.