Mkono wa Baba, Mikono ya Twaha

Nilipokuwa mtoto pale Ggaba, kando ya Ziwa Victoria, hakuna mtu alinishinda mdomo. Nikisema samaki mmoja, soko lote linasikia mia. Hata leo na mvi zangu, nikianza kuongea watu wanaacha kula.

Baba alikuwa Mswahili, Mama ni Muganda. Na kwa Waganda mwanaume hamgusi mama wa mke wake, hata kidole. Akimgusa inakuja obuko: mikono inatetemeka, ya kwake ama ya mtoto atakayezaliwa. Baba aliheshimu hiyo kuliko Waganda wenyewe. Jjajja, mama yake Mama, akiingia kwetu, Baba anatokea mlango wa nyuma.

Siku moja Jjajja anashuka kwenye boti, ubao ukateleza. Baba akamdaka mkono, halafu akamwachia upesi kama ameshika kaa la moto. Hakuna aliyeona, isipokuwa mimi. Mama alikuwa na mimba.

Sasa mtu kama mimi ananyamaza vipi? Kabla ya chakula cha mchana soko lilikuwa linajua: Baba amembeba Jjajja kifuani, maji yamefika shingoni, kiboko amesimama kuwapisha!

"Hamuza, huyo kiboko alisema nini?"

"Alisalimia!"

Walicheka mpaka samaki wakaanguka. Eh, utoto ulikuwa mtamu.

Twaha akazaliwa. Akakua bila kuongea. Alipanga vifuniko vya soda kwa rangi, na akifurahi mikono yake ilipepea kama mabawa ya ndege. Hapo hakuna aliyecheka tena.

"Si Hamuza alituambia? Ni obuko hiyo."

Baba hakujitetea. Jjajja alimwambia Mama, "Nisije nikaharibu na mtoto mwingine," akachukua kikapu chake. Hakukanyaga kwetu tena mpaka tukamzika.

Mwaka huu, Twaha mtu mzima kabisa, hospitali walipima damu yake, ya Baba na ya Mama. Mimi nikawaambia yangu ndiyo nzito kuliko zote, hawakuitaka. Daktari, binti mdogo, akatukalisha.

"Mzee, mtoto anatungwa kwa maandiko yaliyo kwenye damu ya baba na ya mama. Kwa Twaha, herufi moja ilibadilika yenyewe. Kwako haiko, kwa mama haiko. Si wote wenye usonji kama yeye wako hivyo, lakini kwake tumeikuta. Hakuna aliyekosea."

Baba akaangalia kiganja chake.

"Hata mtu akimshika mkwe wake?"

"Hata akimbeba, mzee."

"Sikumbeba," Baba akasema polepole. "Nilimshika mkono tu. Hamuza anajua."

Miaka yote hiyo hakuwahi kunitajia.

Siku hizi watu wakiniomba ile ya kiboko, nawaambia: ubao uliteleza, akamshika mkono, akamwachia. Basi. Wananuna, wanasema Hamuza amezeeka. Twaha yuko pembeni, vifuniko vyake vimekaa mstari, mikono inapepea. Amefurahi. Nami hapo siongezi neno.