Jiwe Lililotaka Kelele

Jiwe lilikuwa kwa figo yangu ya kushoto, na daktari wa Kitengela alisema halihitaji kisu. Kuna mashine inayolipiga kwa mawimbi kutoka nje, ngozi ikiwa nzima, mpaka livunjike ulikojoe vipande vipande. Nilifurahi, kisha nikafanya kosa la kuwaambia wazee wa rika langu kule Kajiado.

Wakaja wote, na shuka na fimbo zao, wakakaa kwa benchi nje ya mlango wa chumba cha mashine. Hawa ndio tulitahiriwa pamoja, na hakuna aliyepepesa jicho. Ati wamekuja kunisindikiza! Walikuja kuona kama bado mimi ni mwanaume. Niliwaogopa kuliko jiwe.

Dada wa mashine, wa umri wa binti yangu, alitaka nidungwe sindano ya kupunguza uchungu. Nikamwambia hiyo ni ya watoto.

"Sawa, mzee. Ukiumia sema, nipunguze nguvu. Na upumue polepole."

Mashine ikaanza, ta, ta, ta, kama mtu anayegonga geti kwa kufuli. Akaongeza nguvu. Nikajikaza kisabuni. Akaongeza tena, nikabana pumzi na kukodolea dari macho, vile tulifundishwa. Nilitoka nikitembea wima, wazee wakanipiga mgongo kwa furaha, palepale panapouma. Walirudi Kajiado wakinisifu njia nzima.

Picha ilipotoka, jiwe lilikuwa hapo, zima, limetulia.

"Ulibana pumzi, mzee, figo ikawa inahama," dada akaniambia. "Tumepiga nyama tu."

Nilikasirika kweli. Nilikuwa nimeumia bure, kwa heshima kubwa.

Niliporudishwa kwa mashine, wazee walikuja tena. Sifa ni tamu, mimi mwenyewe ndiye niliwaambia. Safari hii nilikubali sindano, nikapumua kama nilivyoagizwa, na kumbe mtu akipumua vizuri mdomo haufungiki. Nguvu ilipopanda nikamwita mama yangu kwa Kimaasai, na mama tulimzika kitambo. Wazee wa benchi walisikia kila neno.

Jiwe likavunjika. Nilitoka nikiangalia viatu vyangu, nikingojea kuchekwa. Hakuna aliyecheka. Mkali wetu, yule anayetusuta hata tukikohoa, akanivuta kando.

"Hiyo ya kupiga kelele," akanong'ona, mkono kiunoni, "mtu anaanzia wapi? Mimi niko na uchungu wangu hapa tangu ule ukame uliomaliza ng'ombe."

Nyuma yake wengine wawili walikuwa wamesogea kusikiliza jibu.