Ubeti Ambao Bibi Alikwenda Nao

Kabla hujamwona ulishamsikia, nyuma ya rundo la mashuka, akipiga pasi na kuimba. Ndiyo maana wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Chiriku. Alikuwa na miaka thelathini na miwili aliporekodi albamu yake ya kwanza: nyimbo sita za zamani alizorithi kwa mama yake, na nne alizozitunga mwenyewe palepale kwenye meza ya pasi.

Studio ilikuwa chumba cha kaka yake, fundi redio, aliyetundika mablanketi ukutani kuua mwangwi. Walirekodi Jumapili mchana, kaka akipiga gitaa, na jirani yao seremala akiombwa kwa hisani yake aweke nyundo chini. Nyimbo tisa zilikwenda kama maji. Ule wa kubembelezea mtoto ukawakwamisha, kwa kuwa mama alikumbuka beti mbili tu. Chiriku alimkalisha, akamwimbia mwanzo ili apate kushika mwisho, lakini wapi! Ubeti wa tatu bibi alikwenda nao kaburini.

Kaka alishauri wauache hivyo hivyo, kidogo si haba. Chiriku akamuuliza ni mtoto gani atakayelala kwa beti mbili. Siku chache baadaye, akikunja foronya, maneno yakamjia yenyewe, akayaandika nyuma ya orodha ya mashuka:

*Lala, mlango nafunga, kisimani nakimbia,*
*kivuli changu mchunga, mwanangu nakuachia.*

Akayaimba Jumapili iliyofuata. Hakumwambia mama kwamba ameyatunga mwenyewe.

Albamu ilipokamilika, walimwekea mama aisikilize. Alikuwa akichagua mchele, ungo mapajani, akiitikia kwa kichwa. Ulipofika ubeti wa tatu, mkono ukasimama. Chiriku akajua leo kimenuka.

"Kumbe umeukumbuka," mama alisema. "Ndivyo hasa bibi yako alivyokuwa akiimba."

Angeweza kunyamaza na mambo yakaishia hapo. Moyo ukakataa. "Mama, huo nimeutunga mimi. Juzi tu, kazini."

Mama alimtazama kama anayepima homa ya mtoto. "Bibi yako alikuimbia ukiwa unanyonya. Sasa wewe utajuaje kama umetunga au umekumbuka?"

Kaka akajitia kukaza nyuzi za gitaa. Kwenye jalada waliandika kwamba wimbo ni wa zamani, na mama akaendelea na mchele wake.

Albamu haikumtoa kwenye pasi. Wauguzi walinunua, ndugu wakapewa bure, nyingine zikabaki kwenye boksi chini ya kitanda. Lakini asubuhi moja, akisukuma toroli la mashuka kuelekea wodi ya watoto, alimkuta muuguzi mgeni, asiyemfahamu, akimbembeleza mtoto kwa ubeti ule. Badala ya kisimani alikuwa akisema sokoni. Chiriku alitaka kumsahihisha. Mtoto alikuwa ameshaanza kusinzia, basi akaweka mashuka kabatini taratibu na kuondoka.