Jino Lililolala Kaakaani

Niliamini kabisa kwamba mtu akila mizizi mibichi msituni kwa zaidi ya msimu mmoja huota jino la ngiri. Sikuamini nusunusu, niliamini kama watu wanavyoamini kwamba mvua hulowesha. Na ushahidi nilikuwa nao nyumbani: binti wa baba mdogo, aliyetoka katika misitu ya Kongo wakati wa vita akiwa na miaka kumi na mmoja, miguu imevimba, wazazi wote wawili wamemfia huko. Nyuma ya meno yake ya juu, kwenye kaakaa, palikuwa na uvimbe mgumu. Ukiupapasa kwa kidole unasikia kitu ndani.

Nilipapasisha mtaa mzima. Aliyetaka kugusa alinipa kwanza kipande cha muwa. Binti alifungua kinywa, macho ameyafumba, kwa sababu alikula kwetu na alijua hivyo.

Alipokua akapata mchumba, fundi wa kiwanda cha saruji kule Bugarama, kijana mpole aliyemtazama kama mtu aliyepewa ng'ombe wa bure. Binti hakutaka kitu kingine duniani ila nyumba ambayo hatahesabiwa mgeni.

Siku ya kuposa, wazee wakaniteua niwe msemaji wa upande wetu. Nilikuwa nimemaliza shule ya usiku, na domo langu lilijulikana kutoka Nkombo mpaka Nyakabuye, pengine mpaka mbinguni. Kwetu msemaji wa msichana hana budi kuwakatalia wageni kwa utani. Atasema binti hayupo, binti amekuwa mtawa, na ninyi hasa mmetokea wapi. Wao watajibu vilevile, watu watacheka, mwishowe binti atatolewa. Kadiri unavyokataa kwa ufundi ndivyo unavyosifiwa.

Basi nikakataa kwa ufundi. Nikasema binti yupo, ila miaka miwili alichimba mizizi pamoja na ngiri, nao walipoagana wakamwachia jino la ukumbusho. Upande wetu ulicheka mpaka turubai likainuka. Nikanogewa. Nikasema mwezi ukiwa mpevu hula mihogo pamoja na udongo wake, na watoto atakaowazaa wajengewe zizi mapema.

Upande wa pili haukucheka. Shangazi wa mchumba akaweka chupa yake chini.

“Papa, hiyo ni mchezo ao ni kweli?”

Hapo ningeweza kusema ni mchezo. Lakini niliamini.

“Jino iko, maman,” nikamjibu. “Mimi mwenyewe niliigusa.”

Hawakuvunja uchumba siku hiyo. Walidai picha ya mfupa. Binti akavuka daraja la mpakani kwenda Bukavu, upande wa Kongo, kwa daktari wa kunyoosha meno, akarudi ameikumbatia ile filamu nyeusi kifuani, uso unameta, maana aliambiwa si ugonjwa. Yule shangazi akaiinua dirishani. Juu ya jino la utoto lililokataa kung'oka palikuwa na chonge kubwa, jeupe, limelala ubavu ndani ya kaakaa, ncha imeelekea mbele.

“Muangalie,” akawaambia wenzake. “Picha haibongope, haisemi uongo.”

Ng'ombe wa mahari hakuja. Fundi alioa mwingine kabla mpunga haujavunwa. Binti hakulia mbele yetu. Aliacha tu kula penye watu.

Kwa daktari aliendelea kwenda, akafungwa nyaya za kulivuta lile jino. Siku moja mama akanilazimisha nimsindikize. Yeye akiwa kitini, nikamuuliza daktari, kwa sauti ya msomi, ni mizizi gani hasa inayootesha jino la namna ile.

Daktari hakucheka wala hakukasirika. Aliendelea kukaza waya.

“Jino hii ilianza kutengenezwa wakati angali ananyonya,” akasema. “Ilikosa njia ya kushuka, ni ile tu. Batu bengi banakuya hapa nayo, na habajaona msitu hata siku moja. Chakula haikufanya kitu.”