Swali Nililomtegea Mwalimu

Wiki iliyopita nilikwenda Misima, msibani kwa mwalimu aliyenifundisha Kiingereza darasa la sita. Nilikaa na wanawake wenzangu tukimenya mihogo, na kila nilipoinua macho niliona mahali palipokuwa na shule yetu ya udongo. Siku hizi pamelimwa mahindi.

Wewe uliyesoma enzi za vijiji vya ujamaa unakumbuka: asubuhi jembe kwenye shamba la shule, kisha darasani mikono ikinuka udongo. Mwalimu wetu alikuwa kijana, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga. Mimi nilikuwa mjuaji. Mjomba wangu alikuwa karani wa shamba la mkonge huko Korogwe, na watu wa Misima wakipata barua ya Kiingereza walimpelekea yeye. Likizo moja alinifundisha tofauti ya bring, take na fetch. Basi Ijumaa moja nikanyoosha mkono, nikamwuliza mwalimu tofauti hiyo, huku jibu ninalo. Nilitaka tu kumwona akibabaika.

Alifuta ubao ambao haukuwa na kitu. "Sijui," alisema. "Nitauliza." Darasa likacheka, nami nikajiona mkubwa.

Jumamosi alfajiri alipanda baiskeli kwenda Korogwe. Jumatatu alikuja akichechemea, akaliweka jembe dirishani. "Ukiniletea hapa nilipo, bring. Ukimpelekea mwingine kule, take. Ukilifuata lilipo ukarudi nalo, fetch." Alitupitisha mmoja mmoja na lile jembe mpaka wa nyuma wakaelewa. Kisha akanishukuru mbele ya wote kwa swali zuri. Niliona aibu, lakini sikusema kitu, siku ile wala miaka yote aliyoishi.

Jioni, pale msibani, niliingia chumbani kumpa pole mjane wake.

"Mama, lile swali la Korogwe, jibu lake nilikuwa nalijua."

"Alijua, mwanangu," akasema. "Kule alikwenda kwa mjomba wako. Mjomba akamwambia, mbona haya nimemfundisha mpwa wangu juzi tu?"

Nililia, na wanawake wakadhani ni kwa ajili ya msiba.

Leo mjukuu wangu hulipata jibu kama lile kwenye simu kabla hajakaa vizuri. Mwalimu alilifuata kwa baiskeli, akakuta huko jibu na hila yangu pamoja, akarudi na jibu tu.